Mpini Mwekundu Ukutani kwa Mama Mkwe

Asubuhi hii Bi Zima amesimama barazani juu ya kreti la soda, drili mkononi, vumbi la ukuta limempaka nyusi mvi za kukopa. Nyuma yake ameketi mama mkwe wake. Chai inapoa, macho hayabanduki ukutani.

"Hapo hapo, mbele ya wageni?"

"Hapo hapo, Mama."

"Lisanduku lenye mpini mwekundu! Si litafanana na kidonda?"

Bi Zima ni fundi umeme. Hufunga jenereta za nyumbani, zile zinazojiwasha zenyewe umeme wa mtaa ukikatika. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani ni Zima, kwa sababu hagusi waya kabla ya kupaza sauti, "Zima!"

"Hata nikikoroma ananiambia zima," husema mumewe. Naye ni fundi, ila wa nguzo, yule anayepanda kuunga nyaya zikikatika.

Kisanduku kinacholeta maneno ni swichi ya kukatia jenereta. Kanuni zinataka ionekane, ifikiwe upesi, na ikishazimwa iweze kufungwa kwa kufuli, asije mtu akaiwasha fundi akiwa na mikono ndani.

Mama mkwe naye ana kanuni zake. Anataka swichi ikae stoo, nyuma ya kabati, na ufunguo abaki nao yeye.

"Nyumba ikiwaka moto, wazimamoto waanze kukutafuta wewe kwanza?"

"Mimi sibanduki nyumbani."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni kwaya. Moto nao una adabu zake."

Bi Zima anacheka mpaka kreti linalalamika. Lakini kucheka si kukubali. Bila swichi nje, anasema, jenereta hii hataiunganisha, awe mkwe, awe nani.

Basi umeme unakatika. Feni ya sebuleni inazunguka kivivu, inasimama. Huku na kule jenereta za majirani zinaanza kunguruma.

"Umeona? Wenzetu wanawaka!" Mama mkwe anainuka. "Unganisha, weka stoo, tumalize!"

Bi Zima anageukia barabarani. Ameliona gari la mafundi likisimama mwisho wa mtaa, na mtu mrefu akijifunga mkanda na kuanza kupanda nguzo. Ule mwendo wa kunyata kama kuku kwenye matope anaujua.

"Mama, yule nani?"

Mama mkwe anakaza macho. "Si mwanangu?"

"Ndiye. Jenereta ikirudisha umeme mtaani, utampitia mikononi. Ndani ipo swichi ya kuzuia hilo. Lakini siku ikifanya kiburi, atakayetaka kuizima jenereta akimbilie wapi? Nyuma ya kabati?"

Kikombe kinapinduka.

"Zima!"

"Haijaunganishwa bado, Mama."

"Nimesema zima hivyo hivyo!"

Kule juu ya nguzo, fundi anageuka. Sauti ya mama yake haihitaji waya.

Mpango wa Bi Zima sasa ni kuwakusanya majirani wenye jenereta, awafundishe swichi zao ziko wapi na huzimwaje. "Tukizima, tutabaki wazima," anasema. Mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana. Anaufuta mpini vumbi kwa kiganja, uso umekunjamana.

"Hii nyekundu imepoa, mwanangu. Huna inayopiga kelele zaidi?"