Joska Agoma Kumsugua Bibi Harusi Uso

Kopo la singo halijafunguliwa, na Joska Aryemo ameshasema hapana.

Ni asubuhi katika saluni moja ya Kyebando, kaskazini mwa Kampala. Kwenye kiti cha Joska, mhudumu wa nyuso, ameketi Husnah, bibi harusi mtarajiwa, mashavu yamejaa chunusi nyekundu, nyingine zimechubuka. Nyuma yake amesimama shangazi yake, Hajati Mahfudha, kopo mkononi: unga wa liwa, karafuu na maua makavu, uliokandwa kwa marashi na mafuta ya nazi. Katika ukoo wao, uliotoka pwani zamani kwa biashara, bibi harusi husuguliwa singo wiki nzima.

"Sugua," anaamuru Hajati. "Harusi ni Jumapili."

"Mwili nasugua, Hajati. Uso siugusi."

"Mimi nilisuguliwa, mama yangu alisuguliwa. Nani alitokwa na chunusi?"

"Nyinyi hamkuwa nazo. Huyu anazo. Kidonda ukikisugua kinapona?"

Wasusi wanacheka chini chini. Mwenye saluni, Rehemah, hacheki. Hajati amekuja na binamu wa bibi harusi, wamejaza benchi zima, wote wanangoja kuhudumiwa. Rehemah anamvuta Joska pembeni amnong'oneze, lakini chumba ni kidogo na kila mtu anasikia: "Wakiondoka hawa, na wewe unaondoka."

Si tishio dogo. Joska ni mama wa watoto wawili na hana mshahara. Hulipwa kwa kila uso anaouhudumia, na kwa nyuso hizo ndivyo anavyowasomesha.

Alikulia katika kambi ya jeshi, Makindye, ambako baba yake, Sajini Okeny, alihamishiwa kutoka kaskazini. "Kule kambini tulikuwa tunafua uso kama magwanda," anasema. "Sabuni ya mche na brashi. Chunusi ikitoka, unaipaka dawa ya meno ulale nayo. Asubuhi ngozi imeungua, na chunusi bado imesimama pale kama askari wa zamu."

Anasema wateja wake wengi wamejiharibu kwa bidii ya usafi. Wananawa kila wakitoka jasho, mpaka ngozi inakauka na kuwasha. Wanaminya chunusi kwa kucha. Nyumba nzima inajipangusia taulo moja. Wengine wanajaza mafuta kichwani, yanatiririka kwenye paji la uso, kisha wanauliza vipele vimetoka wapi. Kinachomkera zaidi ni krimu za kuchanganya, zinazouzwa kwenye vikopo visivyo na jina. "Unang'aa wiki moja, halafu uso unakulipukia."

Hajati hajamaliza. "Wewe ni nani wa kutufundisha mila zetu?"

"Mila siipingi, Hajati. Hata mimi singo hiyo naipenda, inanukia vizuri. Lakini uso huu unawaka moto, na mnataka mkono wa kuuchochea uwe wangu."

Hapo Husnah anafungua mdomo. "Shangazi, tangu mlipoanza kunisugua nyumbani Jumatatu naungua. Hata mto siwezi kuulalia."

"Mbona hukusema?"

"Mliniambia bibi harusi hasemi."

Hajati anajitanda vizuri mtandio wake, anatoka na kopo lake. Binamu wanamfuata mmoja mmoja. Husnah habanduki kitini.

Joska anamnawisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa ncha za vidole tu. Anamkausha kwa taulo safi, akigusagusa bila kufuta. Basi. Hamdanganyi: chunusi hazitaisha kufikia Jumapili, na zisipotulia aende kwa daktari wa ngozi.

"Utaolewa nazo," anamwambia. "Kwani bwana harusi ndiyo kwanza anakuona?"

Husnah anacheka, kisha anashika shavu. Kucheka nako kunauma.

Rehemah hajabadili neno lake: wiki ikiisha, Joska aondoke. Joska naye hajaomba msamaha. Ameshaongea na dada yake Ayaa, mshonaji wa nguo huko Kawempe, wagawane chumba chake cha kazi kwa pazia.

"Naogopa, ndiyo. Watoto hawali maneno," anasema, akikunja aproni yake. "Lakini nikisugua leo kwa woga, kesho nitamkatalia nani? Nitaanza na beseni, taulo safi na huu mdomo wangu. Anayetaka kuchubuliwa uso, atafute mlango mwingine."