Kisugu Tano, Unaona Nini?

Kabla Lawrence hajarithi kampuni ya ulinzi ya Macho Kodo kutoka kwa baba yake, kila mtu pale ofisini Nsambya alijua jambo moja: ukitaka kujua askari gani yuko kwenye lindo lake na askari gani yuko kwa mwanamke, muulize Alanyo. Wengine watakuambia wanachodhani, na meneja atakuambia unachotaka kusikia.

Alanyo ana miaka hamsini na minne. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiti cha redio cha Macho Kodo, kiti ambacho kimeshonwa mara tatu na bado kinamchoma. Alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za polisi Naguru, binti wa Sajini Okot, mtu aliyekuwa na dharau kubwa kwa neno "nipo". Sajini alipokagua malindo hakumuuliza mtu kama yupo. Hata mlevi atasema yupo, alikuwa akimwambia binti yake huku akivua buti. Yeye aliuliza: unaona nini? Aliyekuwa kwenye lindo alijibu papo hapo. Aliyekuwa kwingine alianza kukohoa.

Binti naye akafuata njia hiyo hiyo. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu aliita malindo arobaini na mawili, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili kile cha kambini ambacho Mwacholi, Mkongo na Mganda wote wanakielewa na hakuna hata mmoja anayekisema sawasawa.

"Nsambya Moja, unaona nini?"

"Afande, mimi naona mama ya mandazi nawasha moto. Geti imefungwa."

Akimaliza aliandika ripoti kwenye kompyuta, ndani ya ule mfumo wa ofisi ambamo watu hutumiana ujumbe, mafaili na lawama. Ripoti ilikuwa na safu nne: lindo, jina, saa na Maelezo. Safu tatu za mwanzo angeweza kuzijaza mtu yeyote aliyemaliza darasa la pili. Kampuni nzima ilisimama kwenye Maelezo. "Anajibu kwa kunong'ona, yuko ndani ya nyumba ya mtu." "Anasema anaona lori lakini nasikia kuku. Pale hakuna kuku." Mzee, baba yake Lawrence, alikuwa akisoma safu hiyo tu, na kabla chai yake haijapoa alikuwa ameshamfokea mtu.

Sasa mzee amestaafu, na mwanawe ni mtu wa vitu vipya. Lawrence hawezi kupita karibu na neno asilolielewa bila kulinunua. Basi mwaka huu wenye ule mfumo, watu wa mbali huko ambao hawajawahi kusimama getini hata dakika tano, wakatuma barua iliyojaa furaha. Ripoti za zamani zinaondolewa, walisema. Hakuna tena kuandika kwa mkono. Kuanzia sasa ripoti itajitengeneza yenyewe: askari atabonyeza kitufe kwenye simu yake kila saa, na mkurugenzi ataona kila kitu kwenye ubao mmoja wenye rangi, unaoitwa dashibodi. Na ile safu ya Maelezo? Imefutwa, kwa sababu maneno hayahesabiki. Barua ilimalizia kwa kuwatakia wote kazi njema.

"Mnaona?" Lawrence aliwaambia wafanyakazi siku ya kuwasha dashibodi. Akanyoosha kidole kwenye skrini kubwa aliyoitundika ukutani, pale palipokuwa na saa. "Kijani yupo. Nyekundu hayupo. Hakuna tena hadithi."

"Na mtu ambaye yupo lakini amelala?" aliuliza Alanyo.

"Maama Alanyo, bambi, tafadhali, hayo ni mambo ya zamani. Redio sasa ni ya dharura peke yake. Wewe kaa, angalia rangi."

Akakaa, akaangalia rangi. Mwanamke aliyeweza kumtambua mwizi kwa namna anavyovuta pumzi akageuzwa mlinzi wa vidoti. Iliuma sana, tena ilimuuma hadharani, kwa sababu meneja alikuwa akipita nyuma ya kiti chake na kumuuliza, "Kijani vipi leo?" kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

Siku ya kwanza kidoti kimoja kilikuwa chekundu: Kisugu Tano, ghala la maharagwe na karanga la Hajji Marjan. Lindo hilo ni la Mumbere, Mkongo wa kutoka Butembo, mtu mkimya mwenye watoto wanne na koti la mvua analolivaa hata jua likiwaka. Simu ya Mumbere ni ile ya vitufe, wanayoiita katochi kwa sababu ya kurunzi yake. Mfumo mpya ukiingia kwenye simu ya namna hiyo hauna hata pa kukaa. Katika ripoti ya zamani jambo hilo halikuwa na neno: Mumbere anajibu kwa redio, Alanyo anaandika. Sasa hakuna pa kuandika.

Mumbere hakuelewa kwamba amekuwa mwekundu. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, bila kuulizwa, aliendelea kuita mwenyewe.

"Afande mama, Kisugu Tano. Niko naona mlango ya nyuma, imefungwa. Niko naona paka amezaa kwa magunia, watoto watatu."

Alanyo aliandika yote kwenye daftari lake kubwa lenye jalada gumu, siku kumi na moja mfululizo, na siku ya kumi na moja akalipeleka kwa mkurugenzi.

"Mumbere yupo, bwana mkurugenzi. Hakukosa hata siku moja. Soma."

Lawrence hakulifungua. Alilishika kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyoshika soksi ya mwingine. "Maama, kama hayumo kwenye dashibodi, hayupo. Mimi nikianza kuamini daftari, huu mfumo nimeununua wa nini?"

"Basi angalia hili pia." Alimvuta hadi kwenye skrini. Kisugu kuna malindo manane, yote kando ya barabara moja, na saba yalikuwa ya kijani tangu siku ya kwanza. Alanyo alikuwa ameyakodolea macho siku nyingi maana hakuwa na kazi nyingine. Kila saa, dakika ya tano, kidoti cha kwanza kilimetameta. Sekunde nne baadaye cha pili. Sekunde nne tena, cha tatu. Mpaka cha saba. "Askari saba, mageti saba, na wanabonyeza kwa foleni? Hiyo ni nafasi ya mtu mmoja kuweka simu chini na kuokota nyingine."

Lawrence akatazama, uso ukamng'aa. "Ona nidhamu hiyo!" alisema. Siku hiyo hiyo akawapa Kisugu nyota tano, maana dashibodi ina nyota pia. Kisha akamwambia Babra, msichana wa kompyuta, aandike barua ya kumwachisha kazi Mumbere kwa utoro wa siku kumi na moja.

Mtu mwenye akili angemwendea askari na kumtazama kwa macho. Kutoka Nsambya hadi Kisugu si safari. Mtu anakwenda kwa miguu na kurudi kabla soda haijapata joto. Lakini mkurugenzi wa kisasa hatembei. Akitembea, ubao wake utakuwa na kazi gani?

Babra aliichapa ile barua, akaja kusimama karibu na kiti cha redio, macho chini. "Auntie, samahani. Amesema atatia sahihi kesho saa nne, mbele ya Hajji Marjan. Anataka Hajji aone jinsi mfumo unavyofanya kazi."

Usiku ule Alanyo alimfikiria Mumbere na wale watoto wanne, na pango la chumba, na jinsi mtu aliyekimbia vita anavyokwenda kuanza tena kuomba kazi kwa watu wanaomwita "wewe Mkongo". Alijua kwamba akinyamaza kesho, atakuwa ameishika ile kalamu pamoja na Lawrence.

Hajji Marjan alifika saa nne kasoro, mzee Mnubi mwenye kanzu safi na subira fupi. Anamiliki maghala mawili Kisugu, moja linalindwa na Kisugu Mbili, jingine na Kisugu Tano. Lawrence alimkalisha mbele ya skrini, akamletea soda, akazungumza robo saa. Alisema "uwazi". Alisema "maamuzi ya papo kwa papo". Alisema "data" mara nyingi hata Hajji akaanza kutazama saa yake ya mkononi.

"Kijana," Hajji alimkata, "ghala zangu."

"Naam! Hii hapa, Kisugu Mbili, kijani, nyota tano. Askari bora wa mwezi. Na hii, Kisugu Tano, nyekundu, siku kumi na mbili leo." Akaivuta ile barua mbele yake na kufungua kalamu kwa madaha. "Na sisi Macho Kodo hatucheki na mtoro. Huyu anakwenda leo hii, mbele yako."

"Bwana mkurugenzi," alisema Alanyo kutoka kwenye kiti chake. "Kabla ya sahihi, niruhusu niulize mara moja."

"Maama, redio ni ya dharura."

"Mtu kufukuzwa kazi ni dharura."

Hajji aliinua mkono. "Mwache aulize. Ghala ni yangu."

Alanyo akasogeza kiti, akabonyeza kitufe cha redio. Hakuita nyekundu. Aliita kijani.

"Kisugu Mbili, Kisugu Mbili. Unaona nini?"

Kimya. Lawrence akatabasamu, akasema labda betri. Alanyo aliita tena, na mara ya tatu pakatokea mlio mkali wa kutoboa masikio. Miaka kumi na tisa ilimtosha kuujua: redio huliliana hivyo zikikaa pamoja, bega kwa bega. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, na nyuma yake kitu kinakaangwa.

"Allô? Nani?"

"Hapa ni ofisini. Wewe ni nani?"

"Miye Exaucée, mama. Wa kuchaji simu, hapa kwa kona. Ba askari hawako. Ule mambo yenu mupya inakula betri sana, basi wanaachaka simu na redio hapa kwangu, miye ninawabonyezea. Bamoja beko nakula, bengine sijui."

"Asante, dada. Sasa niambie, unaona nini?"

Exaucée akahesabu.

"Niko naona simu saba, mama. Zote ziko kijani."

Kwenye skrini, maana ilikuwa imefika dakika ya tano, kidoti cha kwanza kikametameta. Halafu cha pili. Exaucée ni mtu wa kazi. Hata akiongea na ofisi hakosi zamu. Hajji Marjan alivifuata kwa macho mpaka cha saba, kisha akamgeukia Lawrence, akamtazama tangu viatu hadi kichwani.

"Kwa hiyo askari bora wa mwezi ni mama wa chaja," alisema.

Lawrence aligonga skrini kwa kalamu, kama mtu anayegonga saa iliyosimama.

"Na huyo mtoro?" Hajji aliuliza.

Alanyo alishusha sauti, kama alivyofanya kila asubuhi. "Kisugu Tano, unaona nini?"

Jibu likaja kabla hajaachia kitufe vizuri. "Afande mama, Kisugu Tano. Niko naona lori ya Hajji, tairi ya mbele, mukono wa kushoto, imetoka upepo, dereva hajui. Mlango ya nyuma imefungwa. Na mutoto mumoja wa paka ameanza kutembea."

Hajji akatoa simu, akampigia dereva wake. Wote wakamsikia akisema "shuka uangalie, ya mbele, kushoto", akisubiri, kisha akifoka. Alipomaliza aliirudisha simu kwenye kanzu bila haraka. "Huyo haendi popote," alisema. "Akienda, na mimi nimekwenda."

Lawrence akamgeukia Babra, jasho limemtoka. "Mbadilishe! Mweke kijani!"

"Siwezi," alisema Babra, na mtu angeapa kwamba anafurahia. "Kijani kinatoka kwa simu. Hakuna pa kuandika. Wameifuta safu ya Maelezo."

Hapo Alanyo akainuka kwenye kiti chake kilichoshonwa mara tatu, akaenda hadi mezani. Akaichukua ile barua ya kumfukuza Mumbere, akaigeuza upande mweupe, akaazima kalamu kutoka mkononi mwa mkurugenzi, naye akaiachia kama mtoto. Akapiga mistari mitatu kwa ukingo wa bahasha, safu nne zikapatikana. Akaandika bila haraka: Kisugu Tano, Mumbere, saa nne na dakika tisa. Kwenye safu ya mwisho akaandika habari za tairi, mlango na mtoto wa paka. Chini yake akaandika malindo mengine saba, na mbele ya yote akaweka neno moja: Exaucée.

Kisha akaisukuma karatasi mbele ya Lawrence na kumrudishia kalamu yake.

"Ulikuwa unataka kutia sahihi," alisema. "Tia hapa."