Bakuli la Bi Salha

Usiku ule nililala mapema, nimeshamjibu mchapishaji. Alikuwa ameniuliza kama kuna lolote la kubadilisha kabla riwaya yangu haijachapwa mara ya pili. Nilimjibu neno moja: Hakuna.

Nilidanganya. Lilikuwapo. Kwenye ukurasa wa shukrani nilikuwa nimewataja wanawake waandishi wa riwaya wa Uingereza na wa Marekani, mmoja mmoja, kana kwamba ndio walionilea. Sikumtaja Bi Salha wa Mombasa, mwalimu wangu wa chuo. Riwaya yake ndogo inasimuliwa na mjane aliye edani, anayeusikiliza mtaa kupitia dirishani, nayo ndiyo iliyonifundisha kusimulia. Mjane wangu naye yumo edani, naye anasikiliza dirishani. Niliogopa kwamba watu wakimsoma yeye, watanijua mimi. Alipofariki sikwenda hata mazikoni. Nilisingizia homa.

Sijui nilifikaje chuoni. Najiona tu nimeketi mkekani katika darasa lake la zamani, madawati hayapo, na karibu yangu wameketi wanawake wa Kizungu wenye magauni marefu na vidole vya wino. Wa Uingereza upande huu, wa Marekani upande ule. Wanapokezana bakuli. Nalijua bakuli lile: la bati, jeupe, ukingo wake wa buluu umebanduka. Bi Salha alikuwa akilijaza visheti na kunitumia Tanga kwa basi, pamoja na kurasa zangu alizozisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kila mwanamke analipokea, anakula, anatia na chake, kisha anampa wa pili huku akimtaja aliyempa. Hakuna anayeona haya. Ndivyo Bi Salha alivyotufundisha: wa Marekani waliwasoma wa Uingereza, wa Uingereza nao wakawasoma wa Marekani, wakaandikiana barua kuvuka bahari, wakashukuriana.

Linanifikia. Nakula, na visheti ni vitamu vilevile. Kisha, wallahi, nalificha chini ya kanga.

 Nainua macho, wanawake wote hawapo. Sasa ni jikoni kwa Bi Salha, mafuta yanachemka, naye amenipa mgongo. Amevaa lile dera lake la kijani. Nataka kumwambia nisamehe, nataka kumwambia habari ya homa, lakini ananiwahi.

"Wageni umewashukuru," anasema bila kugeuka. "Mwenye nyumba je?"

Nalia kama mtoto aliyevunja chungu. Nalitoa bakuli, ndani hamna hata chembe. Ndipo anapogeuka. Hana hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Analitazama, ananirudishia kwa mikono miwili.

"Lisirudi tupu, mwanangu."

Nikaamka mto umelowa. Bakuli lilikuwa palepale mezani kwangu. Miaka yote nimelifanya la kuwekea kalamu. Kwetu chombo cha mwenzio hakirudishwi kitupu, kila mtoto analijua hilo, na mimi hata hicho kitupu sikukirudisha. Nilizimwaga kalamu. Nikamwandikia mchapishaji asichape kwanza. Nikaandika jina la Bi Salha juu ya majina yote, na habari ya mjane wake pia, watu waseme wanavyotaka.

Kulipopambazuka nikampigia Rehema, bintiye.

"Nina bakuli la mama," nilimwambia. "Nalileta mwenyewe, Rehema." Kisha nikajikaza. "Kitabu changu alikisoma?"

"Alikinunua, dada. Alikisoma mara mbili. Ule ukurasa wa shukrani, aliurudia mara nyingi zaidi."

Nilitamani aniapize tu, nipumzike.

"Mimi nilitaka nikupigie nikudai hilo bakuli," akaendelea, "mama akanikataza. Alisema, 'Mwache. Ataleta akipata cha kutia ndani.'"

Nikakata simu, nikaenda kukanda unga wa visheti.