Wawili Katika Sekunde Moja

Mtaani walimwita Profesa. Jina hilo alipewa kwa kejeli, siku alipofunga kibanda chake cha kutengeneza redio akatangaza kwamba sasa atatengeneza tovuti. Tangu hapo meza yake ilihamia chumba cha mbele cha nyumba, ubavuni mwa cherehani ya mkewe, na vipande vya vitambaa vikawa vinamwangukia juu ya kibodi.

Kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa rahisi kuieleza. Watu huiagiza akili bandia iwatengenezee video. Kampuni yenye mtambo huo huwaruhusu kuitazama bure, si kuichukua, na baada ya siku moja huifuta. Profesa aliunda ukurasa: unabandika kiungo cha video yako, unabonyeza, video inashuka kwenye simu. Juu kabisa aliandika kwa herufi nene: *Hatutazami video zako. Kila saa tunafuta zote.*

Alipouandika, wageni walikuwa watatu kwa wiki, na mmoja ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo kila faili alilipatia jina la wakati wake: saa, dakika, sekunde. Nani angewaza kwamba watu wawili watabonyeza katika sekunde moja?

Asubuhi hiyo mtu mwenye wafuasi wengi aliusifu ukurasa. Kufika saa tano na nusu wageni walikuwa wamepita mia tisa, na chai ya Profesa imepoa haijaguswa.

"Leo mtu anachekeana na kompyuta," mkewe alisema bila kuondoa macho kwenye sindano. "Nikushonee kabisa suti ya kupokelea tuzo?"

Kabla hajajibu, mama mkwe aliingia. Yeye ambaye siku zote hupiga hodi na kungoja aitikiwe, leo aliingia moja kwa moja, simu mkononi.

"Mwanangu, nimemwomba mume wangu, nimepewa mbuzi."

"Mbuzi gani, mama?"

"Mbuzi wa miwani! Anacheza!"

Marehemu baba mkwe, mwalimu wa useremala, aliacha picha moja tu nzuri, amesimama kando ya meza yake ya kazi. Shemeji aliipeleka kwenye akili bandia. Mara nne akatoka mtu mwingine: mara meno yamejaa mdomo, mara vidole sita. Mara ya tano akatoka mwenyewe. Alichomoa penseli nyuma ya sikio, akaikagua ncha, akatabasamu upande mmoja. Mama mkwe alikibandika kiungo chake kwenye ukurasa wa Profesa, akashushiwa mbuzi. Sasa siku moja ya kampuni ilikuwa imekwisha, na video ile imefutwa huko ilikozaliwa.

Cherehani ilinyamaza.

Profesa alifungua seva yake, akaliona kosa lake. Pale watu walipobonyeza pamoja, faili la pili lilikuwa limeongezewa namba mkiani, lakini ukurasa ulimkabidhi kila mmoja lile la kwanza.

"Baba yumo humu," alisema. "Ila sijui ni yupi kati ya mia mbili."

"Si uzifungue!" mkewe alidakia. "Unangoja nini?"

"Ni za watu. Niliwaahidi."

"Ni baba yangu!"

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na moja. Seva ilikuwa ya kupanga, na wenyewe huifagia kila saa kamili. Angeweza kuzihamishia zote kwenye kompyuta yake, lakini hapo angekuwa amekaa na siri za nyumba mia mbili mezani kwake. Kwanza aliufunga ukurasa, usije ukampa mtu mwingine kisicho chake. Namba ya wageni, iliyokuwa ikipanda kama homa, ikasimama.

"Mama, yule mbuzi bado unaye?"

"Nimemfuta. Nimfuge wa nini?"

"Jina la faili lake ndilo la sekunde uliyobonyeza. Lete simu."

Simu ilidai namba ya siri. Mama mkwe akakosea. Akakosea tena. Binti yake akamshika mkono, akamnong'oneza: "Mwaka wa harusi yenu, mama." Simu ikafunguka. Kwenye pipa la vilivyofutwa mbuzi alikuwepo: saa tano, dakika kumi na saba, sekunde arobaini.

Zilibaki dakika nne. Mbali na faili la mbuzi, sekunde hiyo ilikuwa na mengine mawili yenye mkia, namba moja na namba mbili.

Profesa aligeuza kompyuta ikamwelekea mama mkwe. "Bonyeza wewe, mama. Mimi sitazami." Akasimama kuukabili ukuta.

Alisikia mguno, kisha kiganja kikifunika kioo. "Huyu ni mtoto wa watu. Yuko kitandani, hospitali. Funga, mwanangu, funga!"

Alifunga huku uso ameugeuza. La pili likafunguliwa.

"Penseli," alisema mkewe.

Profesa akaanza kulipakua. Mstari ulitambaa: nusu, robo tatu, ukasita, ukaendelea. Ulifika mwisho saa sita kasoro sekunde ishirini. Kisha orodha yote ikawa tupu.

"Kuna mgeni aliyemwona mume wangu?" mama mkwe aliuliza.

"Hakuna, mama. Hakutoka."

Profesa aliketi kuandika ombi la radhi kwenye ukurasa uliofungwa. Hajamaliza mstari wa pili, ujumbe ukaingia: *Saa tano na dakika kumi na saba nilikuwa nachukua video ya mwanangu akiwa kitandani hospitali. Niliyopewa si yake, na kule kwenye kampuni imeshafutwa. Tafadhali nisaidie.*

Mkewe alisoma begani kwake. Mama mkwe akavuta kiti, akaketi.

"Mjibu."

"Nimjibu nini, mama? Imekwenda. Nilikuwa nayo mkononi."

"Mwambie hivyo hivyo. Kisha mwambie nilimwona. Alikuwa ameketi kitandani, anapunga mkono."

Profesa akaanza kuandika.