Ukoko wa Sufuria ya Kwanza

Hali zilizotangulia tukio lenyewe zilikuwa hizi. Shule yetu iko juu ya kilima huko Mbozi, kati ya mashamba ya kahawa, na madirishani huonekana foleni ya malori yaelekeayo Tunduma. Kengele yake ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi na kugongwa kwa nondo. Enzi zetu, ringi hiyo ilipolia mchana, desturi ilikuwa moja tu: kukimbia. Ukoko wa ugali wa sufuria ya kwanza, mkavu, wenye harufu ya moshi, ulikuwa haki ya waliotangulia kufika jikoni, na hukumu hiyo haikuwa na rufaa. Siku hizi wanafunzi hula kwa zamu, kwa utulivu. Jambo hili hatukuambiwa.

Tulialikwa wahitimu watatu kuwausia wanafunzi: mwuguzi kutoka Itumba, ambaye zamani alikuwa dada mkuu wetu; mkulima wa kahawa, sasa mzee wa kanisa mwenye kitambi cha heshima; nami, niliyezeeka nikifundisha chuoni lugha ambazo hakuna tena anayezitumia sokoni.

Kabla hatujaingia ukumbini, mkuu wa shule alitueleza shida yake. Binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa na ndoto ya kuwa fundi umeme, aliunganisha nyaya mbele ya darasa, akatangaza kwamba mwanga unakuja, na mwanga haukuja. Darasa zima lilimcheka. Tangu hapo hakukanyaga tena chumba cha fizikia.

"Ameomba ahamie sanaa," mkuu alisema. "Jumatatu nitamhamisha. Mkiweza kumgeuza moyo, mtakuwa mmenisaidia."

Ukumbini nilizungumza kwa mpangilio niliouandaa kwa uangalifu. Wakati wa maswali, binti huyo akasimama mstari wa mbele.

"Shikamooni. Naomba kuuliza. Mtu akichekwa na darasa zima, anarudije?"

Swali lilikuwa fupi kuliko majibu yangu yote. Nilianza kwa kutofautisha kicheko cha dharau na kicheko cha mshangao, na nilikuwa nimekaribia kufika kwenye asili ya tofauti hiyo ringi ilipogongwa nje.

Sikuamua kukimbia. Nalisema hili kwa usahihi wote niwezao: miguu ilikwisha kuondoka kabla akili haijaarifiwa. Mwuguzi alikuwa mbele yangu, kitenge amekikunja mkononi. Mzee wa kanisa alinipiga kumbo mlangoni kama alivyokuwa akinipiga ujanani, na pale kwenye tope la bombani kiatu chake kimoja kikabaki. Hakukirudia.

Jikoni mpishi, mwanamke kijana, alitutazama akiwa ameushika upawa juu.

"Wageni, chakula chenu kipo ofisini."

"Ukoko je?" mzee wa kanisa aliuliza, akihema.

"Ukoko upi, baba?"

Hapo ndipo tulipotazamana. Mwuguzi aliketi juu ya gogo la kuni akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mzee wa kanisa mzima," alisema, "unaomba ukoko kwa soksi."

"Nawe uliyenitangulia ulifuata nini? Sala?"

Tulipogeuka, shule nzima ilikuwa kwenye madirisha ya ukumbi. Hakuna aliyekuwa kwenye zamu wala foleni. Walikuwa wamejikunja kwa kicheko, walimu wakiwa miongoni mwao. Nikapendekeza tuzunguke nyuma ya maabara, tupitie mlango wa ofisi, tusubiri hadi hali itulie.

"Tunapita mbele," mwuguzi alisema. "Mtoto amekuuliza swali, nawe hujalimaliza."

Basi tukapita mbele. Njia ile, ambayo tuliifyeka kwa pumzi moja tukienda, tukirudi ilikuwa ndefu mno. Mzee wa kanisa alikiokota kiatu chake, akakikung'uta, akaingia nacho mkononi. Kicheko kilitupokea mlangoni kama mvua ya mawe, nasi, kwa kuwa hatukuweza kukizuia chetu, tukakijibu kwa kingine. Nilisimama mahali pangu pa awali. Mpangilio wote ulikuwa umenitoka kichwani.

Binti yule alikuwa akijifuta macho kwa ukingo wa sweta.

"Kumbe mnarudi hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mwanangu," mzee wa kanisa alimjibu, akiinua kiatu chenye tope ili akione vizuri. "Na kama unaweza, njoo na vyote viwili."

Tulikula ofisini. Mpishi alituletea kisahani cha ukoko, nasi tukaugombania kwa vijiko.

Mkuu wa shule alinipigia simu wiki iliyofuata. Jumatatu binti aliingia chumba cha fizikia, akaunganisha nyaya zake, na balbu haikuwaka. Walimcheka, naye akaketi akazikagua upya. Iliwaka Alhamisi. Hakuhamishwa.