Mkufunzi Anayeigiza Wapweke

Saa mbili asubuhi, mkufunzi amejifungia katika chumba kidogo mwisho wa korido ya chuo. Amejitanda shali, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nje, mwanafunzi anagonga.

"Hodi! Kuna mtu?"

Anagonga tena.

"Hodi yako ina haraka," mkufunzi anajibu kwa sauti ya kikongwe. "Mwenye haraka sina la kumwambia. Rudia."

Wanafunzi wenzake kwenye korido wanaangua kicheko. Ndiyo sababu wanamwita mkufunzi wao Mama Hodi.

Anawafundisha maofisa ustawi wa jamii wa kesho: vijana watakaoingia kwenye nyumba za wagonjwa, yatima na wazee, wakae, wasikilize. Katika mazoezi, ni yeye anayewaigiza wenye nyumba wote. Leo mlevi, kesho mama aliyefiwa. Anayemjia kwa urahisi kuliko wote ni bibi asiye na mtu.

"Vitabu watasoma wenyewe," anasema. "Lakini kunyamaza mbele ya mtu anayelia, hicho kitu hakisomeki. Mpaka ukifanye."

Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake wa pekee ameolewa ng'ambo, hupiga simu Jumapili. Jioni akifika nyumbani, mkufunzi huwasha redio kabla hata ya kuvua viatu.

"Siisikilizi," anasema. "Nataka tu mtu awe anaongea." Hupikia kisufuria kidogo kuliko vyote, na bado chakula kinalala.

Muhula uliopita, katika chumba hikihiki, aliingia msichana mmoja mkimya ambaye darasani hukaa nyuma. Wenzake walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama. Alisalimia, akaketi, akauliza, "Bibi, mara ya mwisho kula na mtu ilikuwa lini?"

Mkufunzi alifungua mdomo amjibu kama bibi wa maigizo.

"Nilitafuta uongo wa kumpa, nikaukosa," anakumbuka. "Machozi yakanitangulia."

Darasa likapiga makofi. Walidhani anaigiza, tena safari hii kapatia kwelikweli. Msichana hakupiga. Alisogeza kiti karibu, akanyamaza. Wengine walipokwisha kutoka, ndipo aliposema:

"Mwalimu, si ulituambia kuomba msaada si aibu?"

"Niliwaambia nyinyi."

"Na wewe je?"

Mganga hajigangi. Ilimchukua wiki nzima kuinua simu na kumpigia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye naye amebaki peke yake tangu mwanawe wa mwisho ahame. Wawili hao walitupiana maneno makali msibani, na tangu hapo ikawa salamu za sikukuu tu.

"Wifi," alisema, "nyumba imenishinda."



"Sasa ulikuwa unangoja nini?" wifi akamaka. "Na mimi nife?"

Wakalia wote wawili, kisha wakaanza kugombania nani amhamie nani.

Wifi anahamia mwezi ujao. Chumba cha pili kimepakwa rangi, kitanda kimeshaletwa, na mkufunzi anapanga kuwa akirudi mapema kazini ili wapike pamoja.

"Mwana wa wifi ameshanionya kwamba mama yake hukoroma mpaka madirisha yanatikisika," anasema huku akicheka peke yake. "Na akorome."