Mzimu Hauitikii Salamu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, kwetu Igowole, mama yangu aliacha kuitikia salamu. Kwa watu wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwetu, mtu ukimwambia "kamwene" akakutazama tu kama ukuta, ujue kuna jambo, na jambo lenyewe halina jina zuri.

Alikuwa amezika mtoto mchanga. Watu walilia naye, wakala, wakaondoka. Yeye akabaki jikoni, mgongo ukutani, uji unafoka motoni mbele yake na hauoni. Siku hizi redioni wanaita sonona. Sisi tulisema amekaliwa na mzimu.

Baba mkubwa, kaka yake baba, mwenye sauti kubwa kuliko akili, alitaka mama arudishwe kwao Igawa, huko chini kwenye joto, na sisi watoto tubaki. Baba hakusema ndiyo wala hapana, ndivyo alivyoumbwa. Mimi nilishindwa kutulia. Darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni, nakimbia mpaka nyumbani kuchungulia kama mama bado yupo, kisha narudi nahema kufokewa na mwalimu.

Aliyekataa ni Bibi, mama yake baba. Alisema mzimu hauitikii salamu, hilo kila mtu analijua, hata baba mkubwa. Kwa hiyo siku mama atakayoitika, mzimu umetoka, na habari ya Igawa iishe. Baba mkubwa akakubali mbele ya watu, maana alijiona ameshashinda.

Kuanzia hapo, kila asubuhi Bibi alikuwa anamshika mama mkono, anamtoa jikoni, anampeleka bondeni kwenye vinyungu, vile vijibustani vya kiangazi tunavyolima kwenye tope. Anampa jembe. Mama analima kidogo, anasimama, analima tena. Bibi yuko juani anachambua maharage. Na kila mpita njia alikuwa ameagizwa asimame, amsalimie kwa heshima, asubiri, ndipo aende zake. Wengine walinung'unika. Mimi nilimsalimia nikienda shule, nikirudi, nikitumwa maji. Hakuitika. Nikaanza kuuma kucha mpaka damu.

Siku moja baba mkubwa akaja kukagua, amevaa suruali yake ya kanisani. Akasimama ukingoni, akasema kamwene kwa sauti ya kumsalimia mbuzi. Akangoja kidogo, akairudia, huku amenigeukia mimi anacheka.

Mama akainama. Nikadhani anang'oa majani. Donge la tope lilimpata baba mkubwa pajani.

"Kamwene, kamwene, kila siku kamwene," mama alisema, sauti imemkauka. "Hamna kazi kwenu?"

Baba mkubwa akaanza kelele kwamba ametukanwa. Bibi hata hakuinuka.

"Umesalimia, umejibiwa," alimwambia. "Mzimu hauna mdomo mchafu hivyo. Huyo ni mkwe wangu. Nenda kafue suruali."

Habari ya Igawa ikafia hapo. Lakini msije mkadhani mama alipona siku ile kama kwenye mahubiri. Miaka mingi baadaye, baridi ya Juni ikiingia, alikuwa ananyamaza tena, na sisi tulishajua: tunamtoa nje, apende asipende.

Sasa wajukuu zangu wa Iringa mjini wananiuliza dawa ya asili ya moyo mzito. Wanataka niwatajie mti wa kuchemsha. Mchaichai nimekunywa sana, ni chai. Daktari akikupa vidonge, meza. Ninachoweza kusema ni nilichokiona: mwanamke alisimamishwa juani kwa nguvu, akapewa kazi ya mikono, na watu wakakataa kumpita kimya.

Kama mzimu ulikuwepo, sijui. Mama mwenyewe nilimuuliza akiwa kikongwe. Alisema alikuwa anatusikia wote, ila kwa mbali, na kuitika kulikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Alituchukia. Kisha ikaja asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito na hakuna mtu aliyepita. Akasimamisha jembe, akatega sikio kule njiani, akasikiliza weee. Hapo ndipo alipojua kwamba bado anatungoja.